Umepata ufadhili wa PhD ya sayansi hapa Nairobi? Anza hivi

Naandika hii juu kila mwaka kuna watu wananitumia meseji, "nimepata, sasa nianzie wapi?" na najipata nikirudia maneno yale yale kwa WhatsApp usiku. Leo nimekaa chini niandike yote mara moja. Mimi nafanya aflatoksini kwa mahindi, ile sumu ya ukungu ambayo mwaka wa 2004 iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao kule Makueni na Kitui. Niko kwa kipande cha mwisho cha PhD yangu, kwa hivyo haya yote nimeyapitia na mengine bado nayalipia.

Kabla ya kitu kingine chochote shika hili: saa ya pesa inaweza kuanza kuhesabu tangu tarehe ya barua ya ufadhili. Haingojei siku utashika pipeti. Wengi ninaowajua walioachia njiani, sayansi haikuwashinda hata kidogo, walikuwa wakali kuliko mimi, ila miezi ya stipendi, ile hela ya kuishi unayopewa na mfadhili, iliisha wakiwa bado wanangoja karatasi fulani kutoka ofisi fulani. Kwa hivyo karibu kila kitu nitakwambia hapa kinarudi kwa muda.

Hatua ya 1: Jua hela iko wapi na ni ya aina gani

Njia kubwa ni mbili. Kuna ile hela iko ndani ya mradi, yaani mtafiti ameshapata granti, kwa bajeti yake kuna nafasi ya mwanafunzi wa PhD, anaitangaza, wewe unaomba kama kazi. Hapo mada imeshapangwa kwa kiasi kikubwa, labu ipo, vifaa vipo, unaingia na kuanza. Alafu kuna ile unatafuta skolashipu yako na mada yako, kisha unatafuta mtu wa kukupokea. Ya pili inakupa uhuru lakini utahangaikia kila chupa ya ethanoli mwenyewe. Mimi nikiulizwa nasema chukua ya kwanza kama mada unaweza kuipenda kwa miaka minne, na kama hauwezi, usiichukue hata kama hela ni tamu.

Hapa Nairobi tumebarikiwa kwa hii mambo. Kuna icipe pale Kasarani, ile ya wadudu, aliianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970. Kuna ILRI upande wa Uthiru kwa mifugo, KEMRI ya utafiti wa tiba pale Mbagathi, kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT huko Juja ambako pia kuna taasisi ya sayansi ya Pan African University, na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, wenye mpango wa PhD wa CARTA kwa wale wa afya ya umma wanaofanya kazi kwa vyuo na taasisi wanachama. Kitu watu hawajui ni kwamba icipe na ILRI hazitoi digrii. Unasajiliwa chuo, kazi unafanyia kwao, kwa hivyo utakuwa na wakubwa pande mbili na fomu pande mbili. icipe wako na mpango wa PhD wa ARPPIS tangu 1983, na DAAD, shirika la skolashipu la Ujerumani, limelipia wanafunzi wengi hapo na kwa vyuo vingine vya hapa. Wadada wa sayansi angalieni OWSD, shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea. National Research Fund ya serikali pia hutangaza, fuatilia.

Na usitapeliwe. Hakuna mfadhili wa kweli atakwambia utume elfu tatu kwa namba ya M-Pesa ya mtu ili faili yako isonge. Ada ya maombi ya chuo ipo, sawa, lakini inaenda kwa akaunti ya chuo na unapewa risiti.

Hatua ya 2: Soma barua yote, mpaka ile maandishi madogo

Mimi nilisoma ukurasa wa kwanza, ule wenye kiasi cha stipendi, nikafurahi, nikasaini, nikampigia mamangu simu. Ukurasa wa tatu ndio ulikuwa umeandikwa kwamba ufadhili ni wa miezi 36 kuanzia tarehe ya barua, na mimi nilikuwa bado sijasajiliwa chuo. Usajili ulichukua miezi minne. Hiyo minne sikuwahi kurudishiwa.

Kwa hivyo kaa chini na kalamu, tafuta haya majibu kwa hiyo barua, na kama hayapo andika imeli uulize kabla ya kusaini. Ni miezi mingapi, na inahesabiwa kutoka lini? Karo inalipwa na nani, na inalipwa moja kwa moja kwa chuo ama unapewa wewe? Hela ya labu na ya kwenda fildi iko kando ama inatarajiwa itoke kwa stipendi? (Kama hakuna hela ya utafiti kabisa huo si ufadhili wa PhD ya sayansi, ni hela ya chakula, na ujue hivyo mapema.) Stipendi inatoka kila mwezi ama kila robo mwaka? Kuna bima ya matibabu? Ukipata mtoto hapo katikati inakuwaje, muda unasimama ama unaendelea? Kuna nyongeza ya miezi na inaombwaje?

Usiogope kuuliza. Hakuna mtu atakunyang'anya nafasi kwa sababu umeuliza karo inalipwa vipi, na ukiona mtu amekasirika na hilo swali basi umejua kitu cha maana.

Hatua ya 3: Supavaiza, yaani msimamizi wa utafiti wako

Hapa nitakaa kidogo.

Jina kubwa halitoshi. Profesa mwenye machapisho mia mbili anaweza kuwa mzuri sana na anaweza kuwa mtu utamuona mara mbili kwa mwaka, kwa korido, akikimbia kwenda uwanja wa ndege. Njia ya kujua ni moja tu: tafuta wanafunzi wake, wale wanaoendelea na wale waliomaliza, na hasa wale walioacha. Wanunulie chai. Waulize, akipewa sura ya tasnifu asome anairudisha baada ya muda gani? Jina la nani linakaa mbele kwa makala? Mambo yakiharibika labu anafanyaje? Mtu akinyamaza kidogo kabla ya kujibu hilo la mwisho, sikiliza hiyo kimya.

Ukishampata, mwandikie kwa heshima na kwa ufupi. "Shikamoo Prof" haina shida ana kwa ana kwa wengine lakini kwa imeli andika tu wewe ni nani, umesoma nini, kazi yake gani umeisoma na nini ndani yake kilikushika, na unaomba nini. Mistari kumi na mitano inatosha. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe. Wanapokea imeli nyingi, hakukataa.

Utakuwa na angalau wawili, na hapo ndo watu huumia, juu wa chuo anataka hivi na wa taasisi anataka vile, na wewe uko katikati kama mtoto wa wazazi walioachana. Mwezi wa kwanza kabisa andika ukurasa mmoja, utumie wote wawili kwa imeli moja: tutakutana lini, nani anasoma kwanza, sura ikitumwa inarudi baada ya siku ngapi, majina kwa makala yatapangwaje. Baada ya kila mkutano andika mistari mitano ya mliyokubaliana na uwatumie wote jioni hiyo hiyo. Mimi hiyo tabia imeniokoa mara tatu, juu watu wazima wanasahau na si kwa ubaya, lakini imeli haisahau.

Hatua ya 4: Karatasi kwanza, labu baadaye

Hii ndio hatua inakula watu. Mpangilio wa kawaida hapa kwetu ni hivi: propozo, yaani mpango wa utafiti wako, inatetewa idarani, inarekebishwa, inapanda hadi kwa wale wa masomo ya uzamili, inakubaliwa. Alafu inaenda kamati ya maadili ya utafiti, na hakikisha ni kamati iliyotambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Alafu ndo unaomba leseni ya utafiti ya NACOSTI yenyewe, kwa mfumo wao wa mtandaoni, ukiwa na barua ya maadili, propozo, na barua ya chuo. Alafu ukiwa unaenda kaunti fulani, masharti ya leseni yanakutaka uwajulishe wakubwa wa huko kabla hujaanza, kwa hivyo beba nakala za kutosha na uvae vizuri, utapitia ofisi kadhaa siku moja.

Ukiwa unauliza watu maswali ama unachukua kitu nyumbani kwao, hiyo ni utafiti wa binadamu hata kama wewe unajiona mtu wa ukungu na mahindi. Ukiwa unashika wanyama kuna kamati ya wanyama. Ukiwa unatoa sampuli za viumbe nje ya nchi kuna mkataba wa kuhamisha sampuli na kuna kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Na majina na namba za simu za wakulima ni data ya watu chini ya sheria ya 2019 ya kulinda data, kwa hivyo tumia namba badala ya majina yao, na ile orodha ya majina ikae mbali na matokeo, ikiwa imefungwa.

Sasa sikia venye mimi nilichomeka. Ukambani, huko Makueni na Kitui, mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, mahindi yanavunwa Februari hivi. Mimi nilitaka sampuli za wakati wa kuvuna. Propozo yangu ilikaa kwa dawati moja wiki saba ikingoja sahihi, sitasema dawati gani, na mimi nikaona ni adabu kutosumbua. Barua ya maadili ikatoka mwisho wa Februari. Leseni nikaipata Aprili. Nilifika Makueni nikapata mahindi yameshapukuchuliwa, mengine yameuzwa, mengine yako kwa magunia na yamechanganywa na ya jirani. Mwaka mzima ukaenda. Mahindi hayangoji kamati, na mvua haijui kuna kitu inaitwa leseni.

Kwa hivyo fanya hivi. Chukua kalenda, weka kidole kwa siku ambayo sampuli yako itakuwa tayari shambani ama hospitalini ama mtoni, alafu rudi nyuma miezi kumi. Hiyo ndo siku propozo inafaa kuwa imekamilika. Andika fomu ya maadili sambamba na propozo, usingoje moja iishe, na itume mara tu sheria za chuo chako zinaruhusu. Jua jina la karani wa kila ofisi, msalimie, mwulize kamati inakutana tarehe ngapi na mwisho wa kupokea ni lini. Ukikosa hiyo tarehe kwa siku moja umekosa mwezi mzima. Na kila Jumatatu saa tatu asubuhi piga simu kwa upole, "habari ya kazi, naulizia faili yangu." Hiyo si usumbufu, ni kazi yako.

Barua ya maadili na leseni zote ziko na tarehe ya kuisha. Weka alamu kwa simu miezi miwili kabla.

Hatua ya 5: Hela ya kuishi

Stipendi si mshahara, na hii itakugusa kwa vitu vidogo vidogo. Hauna pesilipu, kwa hivyo benki hazikuelewi. Hakuna mwajiri anakukatia NSSF ya uzeeni wala SHA ya matibabu, kwa hivyo jilipie. SHA ukiwa hujaajiriwa unalipa ya mwaka mzima kwa mara moja, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. NSSF wako na ile Haba Haba ya shilingi 25 kwa siku, ni kidogo lakini inakuweka ndani. Jiunge na Sacco mwaka wa kwanza, weka hata elfu mbili kwa mwezi, juu siku utahitaji mkopo Sacco inaangalia akiba yako na wadhamini wako.

Sasa kitu muhimu kuliko vyote kwa hii hatua. Stipendi huchelewa. Kwa wengine hulipwa kila miezi mitatu, na ile ya mwezi wa kwanza inafika mwezi wa pili. Mfadhili mmoja aliwahi kutukalisha karibu miezi mitatu bila kitu, na hakuna aliyekuwa mwizi, ni mhasibu alihama na sahihi ikabadilika. Landilodi haelewi hayo. Dawa niliyoipata ni hii: hela ya miezi mitatu ikiingia, igawe kwa nne. Tuseme imeingia 240,000. Usiseme nina elfu themanini kwa mwezi, sema nina elfu sitini. Baada ya mwaka mmoja uko na akiba ya miezi minne, na ule mwezi wa kuchelewa unakupata ukiwa umetulia ukiandika.

Kodi ya nyumba, kaa karibu na labu. Najua watu hupenda mitaa fulani, lakini kama kazi yako iko icipe tafuta Kasarani ama Roysambu, kama ni ILRI kuna Uthiru na Kinoo, kama ni JKUAT kaa Juja. Bedsita ya kawaida dakika ishirini kwa miguu inashinda wan bedrumu ya saa mbili kwa jam, juu kuna siku utahitaji kurudi labu saa tatu usiku kutoa kitu kwa inkubeta, na kuna siku mvua imenyesha na fea imepanda mara mbili.

Na familia. Ukiitwa daktari mtarajiwa watu wa nyumbani wanaona hela. Karo ya binamu, harambee ya hospitali, mazishi. Mimi sitakwambia ukatae, sisi si watu wa kukataa, na mimi mwenyewe nilisomeshwa na shamba la mjomba. Lakini weka kiasi kimoja kila mwezi cha nyumbani, kikiisha kimeisha, na useme ukweli mapema: "Mjomba, hii ni hela ya masomo, ikiisha kabla sijamaliza narudi nyumbani bila kitu." Mjomba wangu alinyamaza kidogo akasema, "Basi maliza kwanza." Hajawahi kuniuliza tena.

Hatua ya 6: Labu

Agiza rijenti, zile kemikali za kupimia, mapema kuliko unavyofikiria. Vingi vinatoka nje, vinapita JKIA, vinangoja karatasi za ushuru, na kama vinataka baridi basi barafu kavu inaisha vikiwa bado kwa ghala. Kabla mzigo haujaondoka huko nje hakikisha wakala wako ana kila karatasi mkononi, na usikubali mzigo wa baridi ufike Ijumaa. Ufike Jumanne. Ukifika fungua hapo hapo, angalia joto, angalia tarehe ya kuisha, piga picha.

Stima. Siku moja ilipotea Ijumaa jioni kwa labu niliyokuwa, jenereta ikakosa kuwaka, na pakiti zangu za ELISA, zile za kupimia sumu, ambazo zinafaa kukaa kati ya digrii 2 na 8 zilikaa kwa joto mpaka Jumatatu. Nilifungua frija nikasikia ile hewa ya uvuguvugu usoni na nikajua. Sasa gawa vitu vyako vya maana kwa frija mbili za majengo mawili, jua simu ya mlinzi na ya fundi wa jenereta, na uweke kipimajoto chenye kurekodi ndani ya friza.

Lebo nazo. Kalamu ya maka inafutika na ethanoli, na kwa friza ya digrii 80 chini ya sufuri stika za kawaida zinabanduka zenyewe. Nimeona boksi zima la chupa ndogo mia moja na kitu, nyeupe, safi, bila jina hata moja, miezi mitatu ya kazi ya mtu. Andika na penseli kwa karatasi ndogo uiweke ndani ya mfuko, ama nunua stika za friza, na andika kwa kifuniko na kwa ubavu, zote mbili.

Kitabu cha labu ni cha kila siku, hata siku hakuna kitu kimefanya kazi. Data ikae mahali patatu: laptopu, diski ya nje ambayo haitembei kwa begi moja na laptopu, na mtandaoni. Laptopu za Nairobi huibiwa kwa matatu, hiyo si siri.

Hatua ya 7: Fildi

Beba maji, beba chenji, ajiri mtu wa hapo anayejua lugha na umlipe siku hiyo hiyo. Fika kwa chifu kwanza.

Kwa aflatoksini sumu haijasambaa sawa, inaweza kukaa kwa punje chache tu ndani ya gunia zima, kwa hivyo ukichota mkono mmoja juu juu unadanganya kila mtu. Unadunga gunia sehemu nyingi, juu, katikati, chini, unachanganya, unasaga yote, ndo unapima. Hii nasema juu kila sayansi iko na kitu kama hiki, mahali pale ambapo uvivu wa dakika kumi unaharibu miaka minne. Jua chako ni kipi.

Mama mmoja karibu na mji wa Wote, Makueni, alinijazia gorogoro (kopo la kupimia) ya mahindi kutoka gunia lake, akaifunga kwa leso, akaniuliza, "Mwanangu, haya majibu utaniletea? Wengine walikuja wakachukua, hawakurudi." Nikamwambia nitaleta. Tutarudi hapo.

Hatua ya 8: Kuandika, na kuandika mapema

Ule mwaka niliopoteza nikingoja msimu sikuukaa bure. Nilisoma kila kitu kilichoandikwa kuhusu aflatoksini Afrika Mashariki, nikakiandika kama makala ya mapitio, na hiyo ikawa chapisho langu la kwanza na sura ya pili ya tasnifu. Ungojapo karatasi, andika. Asubuhi kabla ya labu, dakika 45, simu iko chumba kingine. Vyuo vyetu vinataka angalau makala mawili kwa majarida yaliyokaguliwa kabla hawajakuruhusu kumaliza, uliza idara yako sheria yao kamili, na kumbuka jarida linaweza kukaa na makala yako miezi sita ama zaidi. Hiyo ni stipendi ya miezi sita.

Majarida ya kitapeli yapo mengi, yanakuandikia "Dear Esteemed Professor" ukiwa hata hujamaliza kozi. Makala yakikubaliwa kwa siku tatu bila mtu kuuliza swali, toka hapo. Majarida ya wazi ya kweli hutoza ada kubwa lakini mengi hupunguza ama kufuta kwa watafiti wa nchi kama yetu, omba kabla ya kutuma. Kusoma makala ya kulipia uliza maktaba ya chuo kuhusu Research4Life, mpango wa kufungulia nchi kama yetu majarida. Zotero ya kupanga marejeo ni bure, R ya takwimu ni bure, ORCID, ile namba yako ya kudumu ya mtafiti, ni bure, fungua zote wiki ya kwanza na ujifunze R ukiwa bado hauna data, juu ukiwa na data hautakuwa na subira.

Hatua ya 9: Wewe mwenyewe

Mwaka wa pili ndio mgumu. Msisimko umeisha, matokeo hayajafika, wenzako wa digrii ya kwanza wananunua ploti Kitengela, na wewe unaulizwa kila Krismasi "bado unasoma?" Kuna miezi nilikuwa naamka nalala tena. Kilichonisaidia ni watu: tulikuwa wanne, labu tofauti, tunakutana kila Jumamosi ya pili pale bustani ya Arboretum, tunatembea, kila mtu anasema kitu moja kimeharibika na kitu moja atafanya wiki hiyo. Hakuna ushauri mwingi. Ukiona umeenda wiki mbili bila usingizi ama bila hamu ya chakula nenda kwa washauri wa chuo, wapo na mara nyingi ni bure kwa mwanafunzi. Na Jumapili usiende labu. Hata bakteria hupumzika kwa frija.

Hatua ya 10: Miezi kumi ya mwisho

Hela inaisha kabla ya graduesheni, karibu kila mara. Ukishatoa notisi ya nia ya kuwasilisha tasnifu, kuna kuteuliwa kwa watahini, kuna wao kusoma, kuna kutetea, kuna marekebisho, na muda huo wote hakuna anayekulipa. Kwa hivyo miezi kumi kabla ya stipendi kuisha: omba nyongeza kwa maandishi ukiwa na orodha ya kilichobaki, anza kuomba kazi na nafasi za utafiti za baadaye, fundisha darasa moja kama idara inakubali, na ile akiba ya kugawa kwa nne hakikisha haijaisha kabla ya hapo.

Na hapo kwa bajeti ya mwisho weka fea ya kurudi fildi. Iandike kabisa tangu mwanzo, kwa propozo, mfadhili anaweza kuilipa. Mimi nilirudi Wote mwezi uliopita na karatasi moja moja kwa kila boma, kwa Kiswahili na Kikamba, namba ya gunia lao na kama lilikuwa juu ama chini ya zile sehemu 10 za aflatoksini kwa bilioni zinazoruhusiwa Kenya. Ya yule mama ilikuwa juu. Tulikaa nje, nikamwonyesha ile ya chumvi: unachukua chupa kavu ya glasi, unaweka mahindi na chumvi kavu, unatikisa, ukiona chumvi imeshika ukutani kwa chupa bado mahindi yana maji mengi, rudisha juani. Alitikisa mwenyewe mara mbili, akaishika juu kwa mwanga akaangalia, alafu akamwita jirani.